Rupia ya Mjerumani ina bei gani? Kukadiria thamani ya sarafu za kale huku Mtwara na Lindi

Mtu ana rupia yenye kichwa cha Kaisari aliyevaa kofia ya tai. Imetoka kwenye sanduku la bibi Mikindani, au imeibuka na jembe chini ya mikorosho huko Newala. Akiuliza bei, hupewa majibu ya aina mbili, na yote mawili yanamuumiza. Sonara anaiweka kwenye mzani na kutaja bei ya fedha chakavu. Mtu wa kwenye simu anamwambia ni ya mamilioni, ila kwanza atume ada ya kupimia. Katikati ya hao wawili ipo bei ya haki, na si siri ya mtu. Inatafutwa kwa mzani, lenzi, simu na subira.

Bei ya haki ni ile ambayo muuzaji na mnunuzi wangekubaliana ikiwa wote wawili wanajua walichoshika, na hakuna anayebanwa na shida. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kwetu. Anayeuza rupia mwezi wa saba kwa sababu anahitaji salfa ya kupulizia mikorosho hauzi kwa bei ya haki, anauza kwa bei ya shida. Sarafu ni kama korosho mnadani: kwanza ijulikane ni daraja gani, ndipo bei izungumzwe, na bei yenyewe inatokana na walichotoa wanunuzi kweli, si alichotamani mwenye gunia.

Kwanza ujue umeshika nini

Huku Kusini sarafu za kale zinazojitokeza mara nyingi ni za makundi machache.

Kundi la kwanza ni za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Zimeandikwa DEUTSCH OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Ndogo yake ni pesa ya shaba ya mwaka 1890, 1891 au 1892, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria 1307, 1308 au 1309. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Za fedha ni robo rupia, nusu rupia, rupia moja na rupia mbili. Zina kichwa cha Wilhelm II na maneno GUILELMUS II IMPERATOR, na nyuma kuna ngao yenye simba na mnazi. Rupia moja ziligongwa kati ya 1890 na 1902, ingawa si kila mwaka. Rupia mbili ni za 1893 na 1894 tu. Ukiona moja ambayo ni halali, yaani si nakala, tulia kabisa, maana hiyo ni bei nyingine.

Kundi la pili lilianza 1904, serikali ya kikoloni ilipochukua mwenyewe kazi ya sarafu na kuigawa rupia katika heller 100. Hapa maandishi ni DEUTSCH OSTAFRIKA peke yake, bila neno la kampuni. Zipo nusu heller na heller moja za bronzi, heller 5 za bronzi za 1908 na 1909, halafu heller 5 na heller 10 zenye tundu katikati, za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Rupia za fedha ziliendelea hadi 1914. Katika kundi hili tafuta kwa lenzi herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Usiipuuze herufi hiyo. Mwaka uleule wenye A na wenye J unaweza kuwa na bei mbili tofauti, kwa sababu kiwanda kimoja kiligonga nyingi na kingine chache.

Kundi la tatu ni za Tabora, za mwaka 1916, zenye herufi T. Nitazirudia hapa chini kwa sababu zina mambo yake.

Kisha kuna zisizo za Mjerumani: rupia za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash yenye mizani na mwaka 1299, florini ya Afrika Mashariki ya 1920 na 1921, na shilingi zenye simba kuanzia 1921. Senti zenye tundu za wakati wa Mwingereza zimejaa kila nyumba, na kwa jumla bei yake ni ndogo sana. Zitunze kwa mapenzi, usizitegemee kwa ada ya shule.

Mzani hausemi uongo

Nunua au azima mzani wa sonara unaosoma gramu 0.01. Mzani wa jikoni haufai, kwa sababu makosa yake ya gramu moja ni makubwa kuliko tofauti unayoitafuta. Tafuta pia lenzi ya sonara inayokuza mara 10, sumaku, na kipimo cha mafundi cha milimita.

Rupia moja ya fedha, ya kampuni au ya serikali, ina uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30. Nusu rupia ni gramu 5.83, robo ni 2.92, na rupia mbili ni 23.32. Heller moja ni gramu 4 na upana wa milimita 20. Nusu heller ni gramu 2. Heller 5 ya bronzi ni jitu la gramu 20 na milimita 37, pana kuliko rupia yenyewe. Reale ya Maria Theresa ni gramu 28.07. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, kwa hiyo rupia ya gramu 11.4 haishangazi. Rupia ya gramu 9.8 au 13 inashangaza, na jibu lake karibu kila mara ni kwamba si halali.

Fedha ya rupia ina usafi wa sehemu 917 kwa 1,000, yaani ndani ya gramu 11.66 kuna fedha tupu gramu 10.69. Wakia ya sonara ni gramu 31.10, kwa hiyo rupia moja ni sawa na wakia 0.344 ya fedha. Chukua bei ya wakia ya siku hiyo kwenye soko la dunia, zidisha kwa 0.344, kisha badili kwa shilingi. Tuseme wakia ni dola 40: unapata dola 13.76. Hiyo ndiyo sakafu, chini yake usikubali kushuka sana hata kama rupia imetobolewa. Kwa nusu rupia zidisha kwa 0.172, kwa robo 0.086, kwa rupia mbili 0.688, kwa reale 0.752. Shilingi zenye simba hadi za 1946 zina robo tu ya fedha, yaani wakia 0.0625 kwa kila moja. Za kuanzia 1948 hazina fedha hata kidogo, na wengi huzichanganya. Florini ina nusu ya fedha.

Fanya hesabu hii upya kila unapotaka kuuza. Bei ya fedha ikipanda sana, rupia iliyochakaa vibaya hupanda nayo, ilhali ile nzuri hufuata bei ya wakusanyaji na huenda isisogee.

Kipimo cha maji kinamaliza ubishi kuhusu madini. Pima sarafu ikiwa kavu na uandike uzito. Weka bilauri ya maji juu ya mzani na uurudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini bila kugusa kitako wala kuta za bilauri, ondoa mapovu, kisha soma. Gawa uzito mkavu kwa namba uliyoisoma. Rupia halali ya gramu 11.66 itaonyesha takriban 1.13, na ukigawa utapata kama 10.3. Nakala ya shaba ya manjano iliyopakwa fedha, hata ikitengenezwa kwa uzito uleule, itaonyesha karibu 1.37, kwa sababu shaba ya manjano ni nyepesi na inachukua nafasi kubwa zaidi. Sarafu ikigusa kitako cha bilauri namba inaruka na kipimo chote kinaharibika. Hilo ndilo kosa linalotokea mara nyingi.

Baada ya mzani, tazama ukingo kwa lenzi. Sarafu halali iligongwa kwa mashine, herufi zake zimesimama wima na sehemu zisizo na picha ni laini. Nakala iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo vya hewa, herufi zenye mabega ya duara, na wakati mwingine mstari wa mshono unaozunguka ukingo mzima. Sumaku ikiinasa rupia, weka chini, hakuna cha kukadiria.

Hali ya sarafu ndiyo inayokula au kuzaa bei

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza. Rupia mbili za mwaka mmoja na herufi moja zinaweza kupishana bei mara tano kwa sababu ya hali tu. Wajerumani, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa sarafu hizi, hutumia, kutoka iliyochakaa hadi isiyotumika, herufi s, ss, vz na st. Waingereza huandika F, VF, EF na UNC. Wamarekani huongeza namba hadi 70. Lugha ni tofauti, wanachokiangalia ni kilekile: michoro imebaki kiasi gani.

Kwa rupia, anza na tai aliye juu ya kofia, kwa kuwa ndiye anayetangulia kusuguliwa. Akiwa amebaki umbo tu, bila manyoya, na sharubu zimeungana na shavu, huku herufi zote zikisomeka, hiyo ni s. Mabawa yakionekana wazi na sharubu zimejitenga na shavu, ila sehemu zilizoinuka zimelala, ni ss. Hii ndiyo hali ya rupia nyingi nzuri zinazotoka majumbani. Manyoya yakiwa makali na mchakao uko kwenye ncha za juu kabisa tu, ni vz. St ni sarafu ambayo haikupita mikononi: ukiizungusha taratibu chini ya mwanga, mng'ao wa kiwandani unazunguka nao kama utepe. Huku pwani st karibu haipo. Anayekutajia rupia ya st iliyofukuliwa ardhini hajui anachosema, au anajua sana.

Kwa heller, tazama msalaba na lulu za taji. Kwa pesa ya kampuni, tazama kifua na mabawa ya tai.

Kutoka ss kwenda vz bei huweza kuwa mara mbili au zaidi, kwa hiyo kila mwenye sarafu hujipendelea na kuipandisha. Dawa yake ni kuilinganisha na picha za sarafu ambazo wanadi wakubwa wamekwisha kuzipa daraja, uweke tai kwa tai, na ukisita kati ya daraja mbili uchukue la chini. Mnunuzi naye atafanya hivyo hivyo.

Tundu, kipete kilichochomelewa, na alama ya kipete kilichong'olewa vinashusha sana. Rupia nyingi za Kusini zilivaliwa shingoni, kwa hiyo chunguza ukingo kwenye saa 12 na saa 6. Tundu lililozibwa kwa fedha huonekana kwa lenzi kama doa lenye rangi tofauti kidogo, na michoro iliyo juu yake imechongwa kwa mkono. Rupia yenye tundu ithaminiwe kwa sakafu ya fedha na nyongeza kidogo, isipokuwa kama imo ndani ya mkufu wa kale uliokamilika. Mkufu mzima una thamani yake kama pambo. Usiukate.

Usisafishe

Naandika kichwa hiki peke yake kwa sababu hakuna kitu kinachoangamiza thamani ya sarafu Mtwara na Lindi kama usafi. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya meno, mchanga, kumbi la nazi, dawa ya kung'arishia shaba: vyote vinaondoa ngozi ya juu ya madini. Ndimu na ukwaju ni asidi, vinakula. Majivu, mchanga na dawa ya meno vinakwaruza. Sarafu inang'aa kwa siku chache, mwenyewe anafurahi, lakini mkusanyaji akiigeuza chini ya taa anaona mikwaruzo midogo elfu inayokwenda upande mmoja, na anakata nusu ya bei au anairudisha. Utando mweusi au wa kijivu ulioota kwa miaka 100 juu ya rupia ni kinga, na wakusanyaji wengi wanaulipia.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa udongo tu. Loweka sarafu kwenye maji yaliyotoneshwa, ubadilishe maji kila siku kwa siku mbili au tatu, kisha iweke juu ya kitambaa cha pamba na uikandamize bila kusugua. Maji hayo yanauzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri, ila soma chupa vizuri: maduka hayohayo huuza asidi ya betri, na asidi hiyo itakula sarafu mbele ya macho yako. Maji ya bomba na ya kisima cha pwani yana chumvi, yaepuke.

Heller na pesa za shaba zilizokaa kwenye udongo wenye chumvi huota unga wa kijani mkali ambao ukiufuta unarudi. Huo ni ugonjwa wa madini: chumvi imeingia ndani na inaendelea kula kila inapopata unyevu. Itenge sarafu hiyo na nyingine na uiweke pakavu kabisa. Kijani kilichotulia, kigumu na laini kama rangi, ni jambo lingine na si hatari.

Kutunza: bahasha ndogo za karatasi au vifuko vigumu vya plastiki vinavyotengenezwa kwa ajili ya sarafu, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali hutoa utando wa kijani unaonata na kuharibu fedha. Usihifadhi sarafu ghalani karibu na korosho ghafi pia. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi na hayana urafiki na madini.

Kuitafuta bei yenyewe

Ukishajua aina, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito na hali, ndipo unaingia kwenye intaneti. Bei aliyoiandika muuzaji si bei, ni maombi. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja ili uone zilizouzwa tu. Nyumba za mnada za Ujerumani, kama Künker ya Osnabrück, huacha matokeo ya minada iliyopita wazi pamoja na picha. Tafuta kwa maneno yaliyoandikwa kwenye sarafu yenyewe, kwa Kijerumani, na mwaka na herufi: kwa mfano «Deutsch-Ostafrika 1 Rupie 1905 J».

Kusanya mauzo matano au zaidi ya miaka miwili au mitatu ya karibuni, yanayofanana na sarafu yako kwa kila kitu. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme umepata euro 28, 33, 35, 38 na 74. Ile ya 74 ifungue uisome: mara nyingi utakuta imepimwa na kufungwa kwenye kisanduku na PCGS au NGC, kampuni zinazopima na kuthibitisha sarafu, au hali yake iko daraja moja juu. Iondoe isikudanganye. Yapange mengine na uchukue ya katikati. Hapa tunaangukia euro 34 hivi.

Kisha uliza: 34 hiyo ni bei ya nyundo, yaani iliyotajwa nyundo ilipogongwa mnadani, au ndiyo aliyolipa mnunuzi? Nyumba nyingi za mnada humwongezea mnunuzi asilimia 20 hadi 25 juu ya nyundo. Kwa hiyo mnunuzi alitoa kama euro 42, na muuzaji, baada ya kukatwa kamisheni yake ya tuseme asilimia 15, akapata kama 29. Sarafu moja ina bei tatu halali. Kwa bima au kwa kuelewa soko, taja aliyolipa mnunuzi. Kwa kujua utakachotia mfukoni, taja alichobaki nacho muuzaji. Na mfanyabiashara anayekununulia papo kwa papo kwa fedha taslimu, naye akabeba hatari ya kuiuza baadaye, kwa kawaida atatoa kati ya nusu na theluthi mbili ya bei ya kuuzia. Hiyo haimfanyi mwizi. Anayetoa bei ya sonara kwa rupia ya ss ndiye wa kumkimbia.

Toa pia gharama ya njia. Kutuma kifurushi kilichosajiliwa kutoka Mtwara hadi Ulaya kunaweza kumeza bei yote ya rupia moja ya kawaida, sembuse heller. Heller moja iliyochakaa huuzwa kwa euro chache tu huko nje, kwa kuwa ziligongwa kwa mamilioni. Zina maana zikiwa fungu, zimepangwa kwa miaka na herufi. Anayekuonyesha heller moja akitaka milioni, mwonyeshe mauzo yaliyokamilika, basi.

Sarafu za T

Vita vilipozuia meli za Ujerumani, sarafu zilikauka kwenye koloni, na mwaka 1916 zikagongwa kwenye karakana ya reli Tabora. Ziko aina tatu: heller 5 ya shaba ya manjano, heller 20 ya shaba nyekundu au ya manjano, na rupia 15 ya dhahabu. Tabora ilianguka Septemba 1916, na majeshi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yakaendelea kurudi nyuma hadi huku kwetu, yakapigana Mahiwa Oktoba 1917 kabla ya kuvuka Ruvuma mwezi uliofuata. Heller 20 ikionekana Nyangao au Masasi, basi, si muujiza.

Heller 20 ziligongwa kwa haraka na kwa vifaa vilivyokuwapo, kwa hiyo uzito unayumba, duara si kamili na picha mara nyingi haiko katikati. Makosa hayo ni ya kuzaliwa, hayashushi sana. Chunguza mambo matatu: rangi ya madini, ukubwa wa taji (lipo kubwa na dogo), na ncha za herufi L mbili katika neno HELLER, zimechongoka au zimejikunja. Mchanganyiko wa mambo hayo ndio unaotenganisha ya kawaida na adimu, na matangazo mengi ya mitandaoni hayautaji. Ukiutaja wewe kwa picha safi, unauza kwa bei inayostahili.

Rupia 15 ya dhahabu ina tembo mbele ya mlima, na tai upande wa pili. Uzito wake ni gramu 7.17, usafi 750 kwa 1,000, kwa hiyo dhahabu tupu ni gramu 5.38. Ziligongwa 16,198 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na mnadani huuzwa kwa bei iliyo mbali juu ya dhahabu yake, hata maelfu ya dola. Kuna namna mbili, kwa kutazama pambo linaishia chini ya T au chini ya A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA. Kwa sababu ya bei hiyo, nakala zake ni nyingi kuliko halali. Kwa kipimo cha maji namba unayoisoma isizidi gramu 0.5, shaba ya manjano ya uzito uleule itasoma zaidi ya 0.8. Ikipita kipimo hicho bado usiiuze kijiweni. Ipelekwe kwa wapimaji wanaotoa cheti, gharama yake itarudi.

Rupia haivuti mchele

Wapo wanaodai kwamba rupia ya kale ina zebaki, huvuta mchele na huzima simu. Rupia haina zebaki ndani. Haivuti mchele, haizimi simu, haijulikani kwa kunusa. Fedha na shaba hazivutwi na sumaku wala hazivuti chochote. Mchele unaoruka kwenye video umepakwa unga wa chuma na chini yake pana sumaku. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji ada ya kupimia, ya mashine wala ya kibali cha kuja kutoka Dar es Salaam. Anaomba picha mbili zilizo wazi na uzito. Akianza na fedha yako, mazungumzo yameisha. Na wanaokodi mashine za kutafutia «mali ya Mjerumani» na kuchimba kuta za maboma wanabomoa ushahidi wa historia yetu, halafu kwa kawaida wanatoka na misumari.

Za Kilwa na sheria

Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani. Ni ndogo, nyembamba, zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na baada ya mvua huonekana ufukweni na mashambani karibu na magofu. Hizi haziingii kwenye hesabu yoyote niliyoandika hapa juu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura ya 333, inalinda kila kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Huwezi kukiuza au kukipeleka nje kama mali ya kawaida. Thamani yake kubwa pia iko mahali ilipolala: ikitajwa ilipookotwa, inasaidia kutaja umri wa ukuta au kisima. Ikishaingia mfukoni inabaki kipande cha shaba. Iache hapo, piga picha, na uwaarifu wa Mambo ya Kale walioko Kilwa.

Mwaka huo wa 1863 unagusa pia rupia za Kampuni ya Mashariki ya India za 1835 na 1840, na reale. Reale ina mgogoro wake: zote zimeandikwa 1780, lakini ziliendelea kugongwa Vienna, Roma, London, Bombay na kwingine hadi karne ya 20, kwa hiyo mwaka ulioandikwa hauthibitishi umri. Kabla ya kutoa nje ya nchi sarafu yoyote ya aina hizo, uliza kwa maandishi na upate jibu kwa maandishi.

Kwa mirathi, warithi wakigawana, tumieni alichobaki nacho muuzaji, si bei ya nyundo, na kadirio liandikwe tarehe pamoja na bei ya fedha ya siku hiyo. Kila sarafu ipigwe picha pande zote mbili juu ya kitambaa cheusi, mwanga wa dirisha ukitoka ubavuni, kisha picha ya tatu ikiwa juu ya mzani ili namba ionekane. Sarafu zilizopatikana pamoja zisiuzwe moja moja kabla hazijaorodheshwa zote. Fungu la rupia 12 za miaka tofauti mara nyingi lina moja inayozibeba nyingine zote, na mnunuzi mwenye jicho huanza kwa kuomba hiyo moja kwa bei ya nyinginezo.